Wakili wa Wanda

Nilimtetea Wanda Maximoff kwa muda mrefu, kwa sauti ya juu, mbele ya watu walioijua tamthilia kuliko mimi, na nilimtetea vibaya. Siungami kumpenda. Ameandikwa apendwe, na Elizabeth Olsen amemwigiza kwa namna ambayo hata akinyamaza unasikia anachokiwaza. Ninachoungama ni hoja zangu. Zilikuwa mbovu, nyingine nilijua zina kasoro nikazisema hivyo hivyo, na mojawapo niliitumia kumfunga mdomo mtu ambaye hakuwa amekosea kitu.

Kwa asiyeijua kesi, ni hii. WandaVision ilioneshwa na Disney+ kuanzia Januari hadi Machi 2021, sehemu tisa. (Disney+ ilikuwa haijafika kwetu wakati huo, sehemu zilitufikia kwenye flashi, kwa njia zinazohitaji maungamo yake peke yake.) Wanda, mwanamke mwenye nguvu za kichawi, anaishi na mumewe Vision, mtu-mashine, katika mji mdogo wa Westview, jimbo la New Jersey, na maisha yao yanapita mbele yetu kwa sura ya vichekesho vya kifamilia vya televisheni ya Marekani. Sehemu ya kwanza ina picha nyeusi na nyeupe, mtindo wa miaka ya 1950, na vicheko vya watazamaji vinasikika kwa nyuma. Kadiri sehemu zinavyosonga, miongo nayo inasonga: rangi zinaingia, nguo na nywele zinabadilika, watoto mapacha wanazaliwa na kukua kwa siku chache. Kasoro ni moja, nayo ni kwamba Vision ni marehemu. Katika filamu ya Avengers: Infinity War ya mwaka 2018 Wanda alilazimika kumuua kwa nguvu zake mwenyewe, ili jiwe lililokuwa kwenye paji la uso wake lisichukuliwe na mwovu Thanos. Thanos akaurudisha wakati nyuma, Vision akawa hai tena, kisha jiwe likang'olewa na Vision akafa mara ya pili. Yote hayo katika dakika chache, Wanda akitazama.

Fumbo la Westview tunafumbuliwa polepole. Ni mji halisi wenye watu halisi, uliofunikwa siku moja na ukuta wa nguvu za Wanda, na wakazi wake wakageuzwa majirani wachangamfu ndani ya ndoto yake. Wamepewa majina mengine na kazi nyingine, na vinywa vyao vinasema yale ambayo hadithi inayataka. Nyuma ya tabasamu lile wako macho. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na sijaona dalili ya kupatana: huyu ni mfiwa aliyevunjika, au ni mtekaji nyara?

Ugomvi huo wasomaji wa katuni walikuwa nao tangu zamani. Wanda aliumbwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1964 katika X-Men, akiwa upande wa maadui, kwenye kundi la Magneto, na mwaka uliofuata akahamia kwa mashujaa wa Avengers. Mwaka 2005, katika House of M ya Brian Michael Bendis, aliibadili dunia nzima kwa sababu ya watoto aliowapoteza, kisha kwa sentensi moja fupi akawavua uwezo karibu mutanti wote. Waliosoma hayo waliiona Westview wakajua wanaelekea wapi. Mimi sikuwa nimesoma hata katuni moja, na bado nilikuwa wa kwanza kupaza sauti.

Hoja yangu kubwa ilikuwa Hayward. Huyu ni kaimu mkurugenzi wa S.W.O.R.D., taasisi ya serikali iliyouzingira mji. Katika sehemu ya tano anawaonesha wenzake picha za kamera za ulinzi: Wanda anavamia jengo lao na kuondoka na mwili wa Vision. Watazamaji wengi walimhukumu papo hapo. Kumbe tulioneshwa kipande. Sehemu ya nane inafungua yaliyokuwemo: Wanda alikwenda pale kuomba mwili akauzike. Akapelekwa dirishani, akaoneshwa mafundi wakiutenganisha viungo juu ya meza. Hayward akamweleza kwamba hawezi kuruhusu metali ya vibranium yenye thamani ya dola bilioni 3 ifukiwe ardhini. Wanda akashuka, akaweka mkono juu ya uso wa marehemu, akasema hamsikii tena, akatoka bila chochote. Akaendesha gari hadi Westview, kwenye kiwanja ambacho Vision alikuwa amekinunua ili wazeeke pamoja, na pale, katikati ya msingi wa nyumba isiyojengwa, majonzi yakampasuka na kuumeza mji.

Usiku ule niliwatumia ujumbe wote niliowahi kubishana nao. Shtaka limeanguka, niliandika, na nikaongeza vikaragosi vya kucheka ambavyo mtu wa umri wangu hapaswi kuvitumia.

Sasa tazama nilichofanya. Kwa kuwa shtaka moja lilikuwa la kutungwa, niliyafuta yote. Hayward mwongo, basi Wanda hana hatia. Sijui mantiki hiyo niliisomea wapi. Hayward alidanganya kuhusu maiti. Kuhusu wakazi hakuwa na haja ya kudanganya. Watu elfu kadhaa walikuwa ndani ya ukuta ule iwe mwili uliibwa au haukuibwa. Ila mimi nilikwisha pata mwovu wa kumchukia, na mtu akishapata mwovu huona kazi ya kuhukumu imekwisha.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba Wanda hakujua. Hii ndiyo inayonitia aibu zaidi, kwa sababu ushahidi wa kuipinga ulikuwa kwenye flashi ileile niliyoibeba mfukoni. Sehemu ya kwanza kabisa, bosi wa Vision, Bwana Hart, amealikwa pamoja na mkewe chakula cha jioni. Anaanza kuhoji: mmetoka wapi, kwa nini mmehamia hapa? Anakabwa na chakula. Mkewe, akiwa bado anatabasamu, anarudia maneno yaleyale ya kumwomba aache, tena na tena, mpaka mtu unajiuliza anamwambia nani. Vision amesimama hajui afanye nini. Uso wa Wanda unabadilika, na kwa sauti ambayo si ya kichekesho tena anamwagiza Vision amsaidie. Mzee anapona. Wageni wanaaga kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza nilicheka. Vicheko vya kwenye kipindi vilikuwa vimeshanizoeza, nikacheka hata pale vilipokuwa vimekatika.

Kisha mwisho wa sehemu ya pili mtu aliyevaa kama mfuga nyuki anatoka kwenye shimo la barabarani, Wanda anamtazama, anasema hapana, na wakati unarudi nyuma. Katika sehemu ya tatu anamtupa Monica Rambeau, mtumishi wa S.W.O.R.D. aliyemezwa na ukuta, nje ya mji, akipenya kuta. Katika ile ya tano Vision anamzindua Norm, mfanyakazi mwenzake, ambaye jina lake la kweli ni Abilash Tandon, na mtu yule analia aruhusiwe kumpigia simu dada yake, anayemuuguza baba yao. Vision anarudi nyumbani akiwa amekasirika, anamkabili mkewe, na Wanda anafanya jambo ambalo nilipolirudia baadaye lilinifanya nisimamishe picha: anayaleta majina ya waigizaji juu ya skrini, kana kwamba kipindi kimekwisha, ili mumewe anyamaze. Asiyejua kinachoendelea hawezi kufanya hivyo. Vision naye, kwa heshima zake zote, anaendelea kugomba majina yakiwa yanapita. Katika sehemu ya sita, alipotoka nje ya ukuta na kuanza kusambaratika, Wanda aliusukuma ukuta mbele ili umfunike, na ukawameza askari na watumishi waliokuwa kambini, wakageuka wacheza sarakasi.

Watetezi wenzangu watasema: lakini alimwambia yule aliyejifanya kaka yake kwamba hakumbuki alivyouanzisha mji ule. Ni kweli, na namwamini. Anakumbuka upweke tu. Lakini kutojua namna jambo lilivyoanza kulimsitiri siku ya kwanza. Siku ya kumi alikuwa anajua.

Jambo la tatu halikuwa hoja, lilikuwa mazoea. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua sheria moja: ukikaa kwenye benchi unauliza kwanza steringi ni nani. Ukishaoneshwa, basi. Steringi akiua, wamemchokoza. Akivunja nyumba ya mtu, nyumba ilikuwa njiani. Mkalimani wa filamu mwenyewe anakusaidia, anamsifu steringi hata anapopigwa, na wale wanaodondoka pembeni hawana majina. Nilimtazama Wanda kwa jicho hilo hilo. Kamera inamfuata yeye, basi nami nikamfuata.

Na jicho hilo lilinipofusha hata pale lilipopaswa kunigusa kwetu. Kabla ya Westview kulikuwa na Johannesburg. Katika Age of Ultron ya mwaka 2015 Wanda, akiwa bado adui, anaingia katika akili ya Bruce Banner na kuivuruga. Banner anageuka Hulk, anaingia Johannesburg na kuubomoa mji, watu wanakimbia, jengo zima linaporomoka. Mwaka uliofuata, katika Civil War, ilikuwa Lagos: analinyanyua bomu lililokusudiwa kumuua Captain America, linamshinda nguvu, linalipuka kwenye jengo lenye watu, wakiwemo Wawakanda waliokuwa pale kwa kazi ya misaada. Lagos ilikuwa ajali, na kumlaumu kwa ajali ni kumwonea. Johannesburg haikuwa ajali. Alichezea akili ya mtu kwa makusudi, na waliolipa hawakuwa kwenye ugomvi ule. Nimetazama filamu zote mbili kwa furaha, mimi Mwafrika, nikiwa na popkoni mkononi, na kwenye utetezi wangu mrefu wa Wanda miji hiyo miwili haikutajwa hata mara moja. Wanaoporomokewa na majengo tulizoea kuwaona wakikimbia tu.

Basi ilipotoka Doctor Strange in the Multiverse of Madness mwezi Mei 2022, na Wanda akawa anamwinda binti mdogo, America Chavez, ili amnyang'anye uwezo wake na kuwafikia watoto katika ulimwengu mwingine, nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Nikawalaumu mwongozaji Sam Raimi na mwandishi Michael Waldron: wamemharibu, wametupora Wanda wetu. Mashabiki wengi walisema hivyo, na hoja ya kwamba filamu inakwenda haraka mno nadhani ina uzito. Lakini kusema kwamba mwanamke yule alitoka hewani ni uongo. Mwisho wa WandaVision tulimwona kwenye kibanda cha mlimani, nafsi yake moja ikinywa chai na nyingine ikikisoma kitabu cha uchawi cha Darkhold, masikioni mwake sauti za watoto wake wakimwita. Tuliambiwa. Mimi nilikuwa natazama milima.

Nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa nasi usiku tulipotazama sehemu ya tisa. Alikuwa chuoni mwaka ule, likizo. Ndani ya sehemu ile Agatha Harkness, mchawi aliyekuwa akijifanya jirani Agnes, anawafungua wakazi akili zao, nao wanamzunguka Wanda barabarani. Anayetangulia ni Dottie, malkia wa kamati za mtaa, mwanamke mwenye majivuno kuliko wote. Jina lake la kweli ni Sarah. Ana binti wa miaka minane ambaye amefungiwa chumbani tangu yote yaanze, kwa sababu hadithi ya Wanda haikumhitaji. Sarah haombi kuachiwa huru. Anaomba mtoto apewe sehemu ya kuigiza: awe rafiki wa mapacha wa Wanda, au hata yule mtoto mkorofi wa shuleni, chochote, ili mradi atoke chumbani na mama yake amkumbatie.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, na huyu mtoto je?"

Nilimjibu kwa habari za Hayward. Akasema Hayward hayumo, yeye anauliza habari za mtoto. Nikamweleza kuhusu majonzi: kwamba Vision alikwisha sema kwamba kuomboleza ni upendo unaoendelea, kwamba mtu aliyefikwa na makubwa hapimwi kwa rula ya kawaida. Akasema sawa, lakini mama yule naye si anampenda mtoto wake? Nikaona nashindwa, na mbele ya watu. Ndipo nikamwambia, "Wewe hujafiwa. Ukifiwa utaelewa."

Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mdogo wangu. Ndiye niliyekuwa namfikiria. Nilimfikiria kila mara Wanda alipofungua mlango akamkuta Vision amesimama, mzima, na tai yake. Lakini mdogo wangu alikuwa mjomba wake pia. Ndiye aliyemlipia ada tangu kidato cha kwanza, ndiye aliyempeleka chuo na sanduku lake, na msiba ule binti alikuwa jikoni tangu alfajiri mpaka usiku akipakua wali kwa wageni waliokuja kunipa pole mimi. Hakunikumbusha hata moja kati ya hayo. Alisema, "Haya, mjomba," akaenda kupasha chai. Nami nikarudisha macho kwenye skrini nikiwa nimeridhika kwamba nimeshinda.

Nilikuwa nimeuchukua msiba wa nyumba nzima nikaufanya wangu peke yangu, kisha nikautumia kama kibali. Kufanana huko na mtu niliyekuwa namtetea sikukuona. Ningeoneshwa usiku ule, ningekanusha.

Nilikuwa na hoja nyingine niliyoipenda, na ina ukweli ndani yake: kwamba Wanda hakufanyiwa msiba. Shujaa mwenzao Tony Stark aliagwa kwa heshima kando ya ziwa, mashujaa wote wakiwa wamejipanga. Vision alilazwa kwenye meza za mafundi. Hakuna aliyemtandikia Wanda mkeka, hakuna aliyelala kwake siku tatu, hakuna aliyempikia uji na kumlazimisha anywe, na hakuna aliyemwambia siku imefika, oga, toka nje. Kwetu hata mjane ana hesabu: eda ni miezi minne na siku kumi, kisha watu wanakutarajia urudi duniani. Naiamini hoja hiyo mpaka leo. Ila nilipokuwa nikiisema niliruka kipande. Msibani watu huja kwa miguu yao na huondoka kwa miguu yao. Westview ulikuwa msiba ambao mfiwa amefunga mlango na ufunguo anao yeye, na waliomo ndani wanaota jinamizi lake kila wakiruhusiwa kulala. Walimwambia hivyo barabarani, na mikononi mwake nguvu zikawakaba koo wote kwa pamoja kabla hajatambua anachofanya, kama alivyokabwa Bwana Hart mezani sehemu nane nyuma. Alishtuka, akaufungua ukuta, wakaanza kukimbia. Akawaona Vision na watoto wanasambaratika, akaufunga tena. Ninaloweza kumwombea ni kwamba mwishowe aliufungua kabisa, akijua anawaua wanawe kwa kufanya hivyo. Hilo ni kubwa. Lakini kabla ya kuondoka alimfungia Agatha ndani ya sura ya Agnes, akamwacha mjini humo humo, kazi ileile ya mikono ileile, na majirani walewale wakaachiwa wamtunze.

Hayo yote niliyaona mwaka 2024, ilipokaribia kutoka Agatha All Along na mimi nikataka kujikumbusha. Nilikaa nikaitazama WandaVision upya, safari hii peke yangu, na safari hii nikiwafuata wa pembeni. Nilishindwa kucheka sehemu ya kwanza.

Na tamthilia hiyo mpya ikaniongezea. Yule mke wa Bwana Hart, aliyeomba pale mezani iachwe, jina lake ni Sharon Davis. Agatha anamkuta bustanini kwake, anamburuta kwenye safari ya wachawi ambayo mama wa watu haijui mbele wala nyuma, na anakufa kwa sumu kwenye jaribio la kwanza. Agatha anaendelea kumwita Bibi Hart, jina alilobandikwa na Wanda. Imefanywa kichekesho, na kinachekesha kweli, Debra Jo Rupp ni bingwa wa kazi hiyo. Mimi nami nilikuwa namwita Bibi Hart miaka yote mitatu. Jina lake la kweli lilikuwepo kwenye ubao wa wachunguzi tangu sehemu ya nne, karibu na leseni yake ya udereva.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Sasa ameajiriwa, ana haraka zake. Nikamwambia nakumbuka neno nililomwambia usiku ule, kwamba lilikuwa baya na halikuwa kweli, na naomba anisamehe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yameisha, mjomba. Nilijua umechoka." Kisha, kwa kuwa ni mtoto wa ukoo wetu, hakuliacha hapo.

"Ila nikwambie. Wanda mimi nilishamsamehe zamani. Ninayemshindwa ni Monica."

Alikuwa anaisema ile sehemu ya mwisho, Wanda anapopita katikati ya wakazi wakimtazama kwa chuki, na Monica anakuja kumwambia kwamba hawa hawatajua kamwe alichokitoa kwa ajili yao. Watazamaji wengi maneno yale yaliwachefua. Nikamtetea Monica: naye aliingiliwa akili humo ndani, akaonja yale majonzi, na mama yake Maria alifariki yeye akiwa hayupo, tena alikiri kwamba angekuwa na uwezo angemrudisha.

"Basi amsamehe la kwake," akasema. "La Sarah nani amemtuma?"

Nikamuuliza alitaka Wanda afanye nini, maana watu wa dola walikuwa njiani. Akasema angekaa. Angekaa pale pale barabarani wamseme mpaka wamalize, na wale wa kumtemea mate wamtemee. Nikasema hiyo ni adhabu ya kijijini, na kwamba wasingemaliza leo wala kesho. Akasema ndiyo maana ya kukaa. Hapo bado hatujakubaliana.